Familia za askari zinazohamia visiwani: Kapu la Arusha halivuki bahari bure

Na Mwandishi Wetu, Arusha

GENGE moja la Daraja Mbili, lililokuwa likiuza viazi, vitunguu, karoti na maharage kwa miaka kadhaa, mwezi uliopita lilibandikwa karatasi ya kutangaza kuwa vitu vyote vinauzwa. Mwenye genge ni mke wa askari. Mumewe amepata uhamisho kwenda Unguja, naye akapewa muda mfupi wa kuamua mambo matatu: mtaji wa genge upelekwe wapi, vyombo vya ndani visafirishwe au viuzwe, na mtoto aliye darasa la sita asome wapi.

Ukurasa huu kwa kawaida hutoa habari za masoko ya Kilombero, Tengeru na Ngaramtoni. Hata hivyo, uhamisho wa familia nao ni jambo la soko. Ni mtaji unaovuka bahari, na asiyeupigia hesabu huufikisha ng'ambo ukiwa nusu. Isitoshe, katika mji huu ulio jirani na Monduli, penye Chuo cha Kijeshi, na Oljoro, penye kambi ya JKT, familia za namna hiyo ni nyingi, na wafanyabiashara wengi wa Daraja Mbili, Unga Limited na Sombetini huziuzia bidhaa kila siku.

Mambo ya kambini hayahusu ukurasa huu. Tunachozungumzia hapa ni kapu la mama, nauli ya mzigo, na nafasi ya biashara ambayo mfanyabiashara mdogo wa Arusha anaweza kuipata humo.

Duka la jeshi si lile la zamani

Zamani familia ya askari ilikuwa na kinga fulani dhidi ya bei za mitaani. Popote ilipopelekwa, kulikuwa na matumaini ya kupata duka la jeshi lenye bidhaa zilizosamehewa kodi, kuanzia bati na saruji hadi bia na vifaa vya umeme. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 Serikali iliondoa msamaha huo wa kodi, na badala yake ikaamua kuwapa askari posho.

Kwa lugha ya biashara, maana yake ni kwamba nafuu iliyokuwa ndani ya bei ya bidhaa imegeuzwa kuwa fedha mkononi. Fedha mkononi ni nzuri kwa anayejua kununua, lakini kwa asiyejua huyeyuka kabla ya mwisho wa mwezi. Familia iliyo Arusha inalijua soko lake: inajua Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi, na Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili. Ikishuka bandarini Malindi, Unguja, elimu hiyo yote haina kazi tena. Inaanza upya kama mchuuzi mgeni.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Familia nyingi kutoka bara, zikifika visiwani, huendelea kula na kuishi kama zilivyokuwa zikiishi mlimani. Viazi mviringo, karoti, kabichi na maharage huliwa kila siku, nazo hununuliwa kwa bei ya kisiwani. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo imetoka huku huku bara, imepanda lori, imepanda chombo cha baharini, na imebebwa mgongoni mara tatu au nne. Kwa hiyo anayezila kila siku hulipia nauli kila siku.

Bei inavyopanda kutoka Kilombero hadi Mwanakwerekwe

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi si bei za wiki hii bali ni za kufundishia tu, na msomaji aweke zake mwenyewe kufuatana na hali ya soko.

Tuseme gunia la viazi la kilo 100 limenunuliwa Arusha kwa shilingi 70,000. Lori hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, linatoza shilingi 8,000. Kupakua, kupakia na malipo ya bandarini ni shilingi 5,000. Chombo cha kuvuka hadi Unguja, shilingi 6,000. Kupakua Malindi na gari hadi sokoni, shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 92,000.

Mchuuzi mgeni hugawanya shilingi 92,000 kwa kilo 100, akapata shilingi 920 kwa kilo. Akiona sokoni wanauza kwa shilingi 1,000, anafurahi kwamba atapata faida ya shilingi 80 kwa kila kilo, yaani shilingi 8,000 kwa gunia.

Lakini viazi havifiki vyote. Joto la Pwani, unyevu wa chomboni na kurushwarushwa kwa gunia vinakula sehemu yake. Tuseme kilo 10 zimeoza au zimechubuka. Zimebaki kilo 90 za kuuza, ambazo kwa shilingi 1,000 zinaleta shilingi 90,000. Faida ya shilingi 8,000 imegeuka hasara ya shilingi 2,000. Ili arudishe fedha yake tu bila faida yoyote, ni lazima auze kilo 92.

Kanuni ni hii: gawanya gharama kwa kilo zitakazouzika, si kwa kilo ulizonunua. Anayeuza jumla Unguja anaijua kanuni hiyo, ndiyo maana bei yake ya rejareja inabeba mzigo uliooza pamoja na ule mzima. Mama anayenunua viazi Mwanakwerekwe analipia pia vile vilivyotupwa njiani.

Lumbesa nayo ni adui katika safari hii. Gunia lililoshonewa kilemba juu huonekana la faida Kilombero, lakini sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa hivyo, na uzito uzidio kilo 100 ni kosa. Mbali na sheria, gunia zito hutupwa chini na wapakuzi, na linachubua viazi vya chini. Wachukuzi wenye uzoefu wa njia ya visiwani hupendelea vifungashio vidogo vinavyopitisha hewa.

Kula kwa msimu wa kisiwani

Nafuu ya kwanza kwa familia mpya ni kubadili kapu. Visiwani kuna muhogo, majimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika, shelisheli na nazi. Hivi havilipi nauli ya bahari. Tui la nazi hupunguza mafuta ya kupikia, na muhogo wa nazi na dagaa ni mlo kamili ambao mtoto aliyelelewa kwa makande na mtori anaweza kuuzoea katika wiki chache akiongozwa vizuri.

Samaki ana kalenda yake. Mtu wa Arusha amezoea bei ya nyama ambayo haibadiliki sana kwa siku. Bei ya samaki hufuata upepo na mwezi. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari kuu huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku, hivyo bei hupanda. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na upatikanaji huwa mzuri zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali hupungua sokoni, na giza likirudi hujaa. Mama mwenye jokofu dogo au aliyejifunza kukausha dagaa ananunua wakati wa giza na kula wakati wa mbalamwezi. Hiyo ni akiba isiyohitaji benki.

Matunda nayo yana zamu. Machungwa hujaa katikati ya mwaka, na maembe kuelekea mwisho wa mwaka hadi Januari. Anayenunua kwa zamu hulipa kidogo, na anayetaka embe mwezi wa machungwa hulipia ubishi wake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji kifungu chake katika bajeti. Muhogo, majimbi, ndizi na viazi vitamu hutafutwa sana kwa futari, na bei hupanda hata kwa familia isiyofunga. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo unajulikana mapema. Nunua vitu visivyooza kabla ya mwandamo. Mchana migahawa mingi hufungwa na si adabu kula hadharani, hivyo chakula cha watoto wa shule kipangwe nyumbani.

Lugha ya sokoni

Kiswahili ni kimoja, lakini maneno ya soko si yale yale, na kutofahamu neno ni gharama. Viazi mviringo visiwani huitwa mbatata. Nyanya ni tungule. Vitunguu saumu ni vitunguu thomu. Tahadhari kubwa iko kwenye pilipili: ukiomba pilipili hoho ukidhani utapewa ile kubwa isiyowasha ya Kilombero, utapewa ya kuwasha. Ile isiyowasha huitwa pilipili boga. Vipimo pia hutofautiana. Nafaka bado huulizwa kwa pishi na kibaba, gunia huitwa polo, na vitu vingi vidogo huuzwa kwa fungu.

Desturi nayo ina thamani ya fedha. Arusha mteja husimama, huuliza bei na kuanza kukata. Visiwani hutangulia salamu, tena salamu kamili ya kuulizana hali. Mteja anayesalimia na kurudi kwa muuzaji yule yule siku ya pili na ya tatu huongezewa kwenye fungu bila kuomba. Anayekurupuka huuziwa kwa bei ya mgeni.

Nini kipakiwe, nini kiuzwe

Kabla ya kupakia chochote, andika orodha yenye safu tatu: kitu, gharama ya kukisafirisha, na bei ya kununua kingine kama hicho Unguja. Kama nauli pamoja na hatari ya kuvunjika inakaribia bei ya kipya, kitu hicho kiuzwe Daraja Mbili.

Kwa hesabu hiyo, kabati zito la mninga, makochi makubwa na meza ya watu wanane huwa ni vitu vya kuuza au kumwachia ndugu. Mablanketi mazito na masweta ya Juni na Julai hayana kazi kwa mtu anayetoka mwinuko wa mita 1,400 hivi kwenda usawa wa bahari. Yabaki mawili matatu kwa siku ya kurudi. Cherehani, mizani, vyombo vya kupikia na vitabu vya watoto vipakiwe, maana ni vyepesi kulinganisha na thamani yake. Hata hivyo, hewa ya chumvi hula chuma. Cherehani ipakwe mafuta mara kwa mara na ifunikwe, la sivyo itashika kutu ndani ya msimu mmoja.

Umeme visiwani hulipwa kabla kwa mita ya TUKUZA, kama huku tulivyozoea LUKU. Umeme huo hutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari: waya wa kwanza wa Unguja uliwekwa mwaka 1980, na wa pili ukaanza kazi mwaka 2013. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Wakongwe wa Unguja wanakumbuka kiza cha takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kile cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Hali ya sasa si ile, lakini mfanyabiashara anayetegemea jokofu asisahau historia hiyo anapopanga mtaji.

Kuna tahadhari ya kurudi pia. Wengi huona runinga au jokofu Unguja kwa bei nzuri na kununua kwa nia ya kurudi nalo bara. Bidhaa zinazotoka Zanzibar zinaweza kudaiwa tofauti ya ushuru bandarini Dar es Salaam, jambo ambalo limekuwa kilio cha wafanyabiashara kwa miaka mingi. Uliza ofisi ya forodha kabla ya kununua, tunza risiti zote, na vitu ulivyokwenda navyo uwe na orodha yake.

Bahari haina punguzo la bei

Kutoka Dar es Salaam, boti ziendazo kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa waendao Pemba kutoka Arusha, njia ya Tanga, ambayo ni karibu kilomita 430, huwa fupi kuliko kuzunguka Dar es Salaam, lakini safari za meli huko si za kila siku. Uliza ratiba kwanza. Kukaa Tanga siku nne na watoto na mizigo ukisubiri meli kunakula nafuu yote. Kila msafiri awe na kitambulisho anapokata tiketi.

Ziko njia za bei ndogo zaidi, za vyombo vinavyopakia watu juu ya mizigo. Ukurasa huu hauzipendekezi. Usiku wa Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Julai 18, 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mzigo unaweza kupanda chombo cha mizigo kwa bei nafuu. Mama na watoto wapande chombo cha abiria, tena kisichozidisha.

Shule, sheha na leseni

Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyemkosesha usingizi mama wa Daraja Mbili. Zanzibar elimu ya msingi ni miaka sita; hakuna darasa la saba. Bara nayo, kwa Sera ya Elimu toleo la mwaka 2023, imo katika kuhamia miaka sita, lakini mabadiliko hayo yanakwenda kwa awamu. Mtoto akihamishwa katikati ya mwaka wake wa mwisho anaweza kukuta mtihani tofauti na aliojiandalia. Ushauri wa walimu ni kwamba uhamisho wa mtoto wa aina hiyo uandikiwe barua mapema pande zote mbili, na ikibidi amalize bara akiwa kwa ndugu. Gharama ya kumlisha kwa shangazi miezi michache ni ndogo kuliko gharama ya mwaka mzima uliopotea.

Familia inayoishi nje ya kambi ijitambulishe kwa sheha mara tu inapofika. Sheha ndiye mlango wa mambo mengi ya kiraia: barua, utambulisho, na hata kupata nyumba ya kupanga bila kuingia mikononi mwa madalali.

Kwa anayetaka kufanya biashara, usajili wa bara haumalizi kazi. Zanzibar majina ya biashara husajiliwa na wakala wake, BPRA, wala si BRELA. Kodi nazo zimegawanyika: TRA hukusanya huko kodi za Muungano kama ushuru wa forodha na kodi ya mapato, na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, hukusanya nyingine, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani. Ardhi si jambo la Muungano. Anayeambiwa kuwa kuna kiwanja cha bei poa karibu na ufukwe asitoe hata shilingi kabla ya kufika kwa sheha na Kamisheni ya Ardhi.

Jambo jingine ni karafuu. Mgeni, hasa Pemba, anaweza kushawishiwa kununua kilo chache nyumba kwa nyumba ili akauze bara. Asikubali. Mnunuzi halali wa karafuu kwa wakulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na biashara ya pembeni huhesabiwa magendo. Kwa mke wa askari, faida ya kilo tano haifanani na aibu yake.

Furaha isiyohitaji bei ya mtalii

Kuishi kwa kubana matumizi si kuishi kwa huzuni. Tatizo ni kwamba Zanzibar ina bei mbili, ya mwenyeji na ya mtalii, na familia mpya mara nyingi huingia kwenye ile ya pili kwa kutojua. Chakula cha jioni Forodhani ni kizuri kukionja mara moja, lakini si cha kila Jumamosi. Pwani yenyewe haina kiingilio: daladala, chupa ya maji, na muhogo wa kuchemsha kutoka nyumbani vinatosha kwa watoto ambao hadi jana maji mengi waliyoyajua ni ya Mto Themi.

Sikukuu za Idi huwa na viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi kwa Pemba. Mwezi Julai Makunduchi kuna Mwaka Kogwa. Kwa wapenzi wa soka, uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya mwishoni mwa 2023 baada ya ukarabati mkubwa, umekuwa ukipokea michezo ya Kombe la Mapinduzi, na Pemba kuna Gombani. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, hutembelewa kwa miguu bila malipo. Waumini wa Kikristo watakuta kanisa kuu la Anglikana Mkunazini na la Katoliki la Minara Miwili, palipo pia mahali pa kwanza pa kukutana na watu wa nyumbani.

Kukutana huko kuna maana ya kiuchumi. Akina mama waliotangulia ndio wanaojua nani anauza mkaa kwa haki, fundi gani haibi, na upatu gani haujawahi kuvunjika. Anayetoka kwenye vikoba vya Daraja Mbili asikae mwezi mzima bila kujiunga na upatu, ila aanze na mchango mdogo mpaka awafahamu wenzake.

Nafasi ya mfanyabiashara wa Arusha

Tumalizie kwa upande wa pili wa kaunta. Zanzibar hununua bara sehemu kubwa ya viazi, vitunguu, karoti na maharage yake, na hoteli zake zinahitaji mboga za baridi mwaka mzima. Mara nyingi kinachomkwamisha mchuuzi mdogo wa Arusha ni ukosefu wa mtu wa kuaminika upande wa pili wa bahari: wa kupokea mzigo, kuhesabu uliooza kwa ukweli, kuuza na kurudisha fedha.

Mke wa askari aliyewahi kuendesha genge ni mtu wa namna hiyo. Anayajua mazao, anajulikana kwao, na ndugu zake wako hapa. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba mume anaweza kuhamishwa tena. Kwa hiyo mtaji wake ukae kwenye bidhaa zinazozunguka ndani ya wiki mbili, sio kwenye fremu ya kulipia kodi ya mwaka mzima. Aanze na maharage na vitunguu vilivyokauka vizuri, ambavyo havikimbizani na joto. Viazi na karoti vifuate akishaijua njia. Maandishi yawepo hata kati ya dada na dada: tarehe, kilo zilizotumwa, kilo zilizofika, kilo zilizouzika. Undugu ambao hauna daftari huishia kwenye lawama.

Mama wa Daraja Mbili ameiondoa ile karatasi gengeni. Kabati limeuzwa, mizani na cherehani vimefungwa kwenye boksi, na mtoto wa darasa la sita amebaki kwa shangazi yake hadi amalize mtihani. Genge halikuuzwa: mdogo wake ndiye anayekaa hapo sasa, na mtaji wameugawa nusu kwa nusu. Makubaliano yao ni miezi mitatu ya majaribio, kuanzia na magunia mawili ya maharage. Kama daftari likionyesha hasara mwezi wa tatu, watasimamisha, naye atashona nguo.

Huo ni mpango wa mtu anayejua kuhesabu. Wiki ijayo ukurasa huu utaangalia vitunguu vya Mang'ola na jinsi ya kuvikausha kwa safari ndefu.